Kahawa Bado Anaruka Viunzi Vyako

Mpendwa Baba Shamim,

Nimekaa nyuma ya nyumba, kwenye ile benchi uliyoipigilia misumari mwenyewe ikabaki imeinama upande mmoja. Ukungu wa mtoni haujaondoka Mafubira. Umelala juu ya mabati ya jirani na juu ya fito zako, na Bosi naye amelala chini yake kama kawaida, mguu mmoja ndani ya beseni lake la maji. Kahawa ndiye aliyeamka. Ananitazama, anatazama kiunzi cha kwanza, kisha ananitazama tena. Unajua maana yake. Nimemwambia asubiri, asubuhi hii nina barua ya kuandika.

Barua ni ya wazi, atakaye kuisoma na aisome. Wewe hukuwa mtu wa kufungia mambo kabatini. Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa fundi cherehani wa mjini Jinja, Mnubi uliyezaliwa Mbale, na kwamba Mungu alikuchukua mwaka jana baada ya ugonjwa mfupi. Wajue pia kwamba uliacha mke, binti mmoja aliyeolewa Kampala, na mbwa wawili, Bosi na Kahawa, waliokuwa wanakusikiliza kuliko mke na binti.

Nakumbuka ulivyorudi kutoka Mbale siku ile ulipompeleka Bosi kuchomwa sindano. Ulikula wali bila kuutazama. Nikakuuliza kama chumvi imezidi, ukasema ndiyo, kisha ukasema hapana. Nikajiambia tayari, mzee wangu ameona mke wa pili huko kwao. Nililala na donge hilo kifuani. Asubuhi ndipo uliponieleza: yule daktari wa wanyama, mama wa Kimasaba mwenye gambuti nyekundu, ana uwanja chini ya mlima Wanale. Jumapili watu wanaleta mbwa wao wa nyumbani pale, na mbwa wanaruka viunzi, wanapita kwenye pango la kitambaa, wanajipenyeza kati ya fito, wanapanda ubao na kushuka upande wa pili. Mwenye mbwa anakimbia pembeni. Haruhusiwi kumgusa wala kumvuta, anamwonyesha njia kwa mwili wake na kwa sauti tu. Ulinieleza yote hayo ukiwa umesimama, kijiko mkononi, chai inapoa. Nilikucheka mpaka nikalia, maana mwenzio nilikuwa nimeshajiandaa kwa mke mwenza.

Ndani ya wiki chache nyuma ya nyumba hapakuwa tena pa kuanikia nguo. Fito ulizinunua kwa wale akina mama wanaoshusha malewa kutoka mlimani. Walikushangaa mtu anayeacha chipukizi la kula na kutaka mwanzi mtupu. Pango ulilishona kwa turubai la hema la harusi lililochanika, ukatia ndani mabomba ya maji yaliyokunjwa duara, na mpaka leo jua likilipiga upande mmoja unaona maua ya dhahabu yaliyokuwa yamechorwa kwa ajili ya maharusi wa watu. Mbao mbili ulizoziegemeza zikakutana juu, ukaziita Wanale. "Kahawa, panda Wanale," ukawa unasema, na yeye mtoto wa Mafubira asiyewahi kuuona mlima anapanda.

Majirani je. Mama Waiswa aliegemea ua wetu siku ya kwanza akatazama mpaka sufuria yake ikaungua. "Mama Shamim," akaniambia, "watoto ya watu nakaa nyumbani, mbwa yenu ndiyo naenda shule ya kuluka?" Na wa msikitini nao walikuwa na lao: nyumba yenye mbwa malaika hupita kando, na mate ya mbwa ni najisi, nguo yakigusa haisaliwi. Wewe hukubishana nao hata mmoja. Uliweka utaratibu wako. Mbwa hawakuvuka kizingiti cha mlango wa uani, hata mvua ya mawe inyeshe, walikuwa na kibanda chao na paa zuri kuliko letu. Ulikuwa na koti kuukuu la kaki, la kazi ya mbwa tu, likitundikwa nje. Ukimaliza unasugua mikono kwa udongo wa kwenye kopo, unamwaga maji, unamwaga tena, unabadilisha nguo, ndipo unatandika mkeka. Imamu mwenyewe alipita akaona, akacheka akasema wewe ni msafi kuliko watu wasio na mbwa.

Jioni baada ya alasiri ndiyo ninayoiota nikiwa macho. Upepo unaleta harufu ya miwa inayochemshwa huko mashambani, tamu mpaka inachosha. Mimi nimekaa hapa na ukindu wangu, nasuka tabaga ya kufunikia chakula, nyekundu, kijani, nyekundu. Wewe umevaa lile koti. Hapasikiki kitu ila miguu yako na miguu ya Kahawa, ile pumzi yake, na wewe ukimwita, "Haya mama, haya!" Anaruka, anaingia pangoni, kitambaa kinavimba pale alipo na kutulia alipopita, anatoka upande huu ameshageuza kichwa kukutafuta. Mwisho wa yote Bosi anainuka kwa uzito, anapita mzunguko mzima akitembea, anazunguka viunzi badala ya kuviruka, anasimama juu ya Wanale kutazama mji, halafu anarudi kulala. Ulimpa tuzo ileile ya kipande cha maini uliyompa Kahawa. Nikakuambia huko ni kumharibu. Ukasema kila mtu na mwendo wake.

Siku moja ulitaka kunifundisha na mimi. Ukanisimamisha kando yako, mimi na gurbaba langu la nyumbani nimelifunga kiunoni, Mama Waiswa anachungulia. Ukaniambia, "Tazama miguu yangu. Hapana tazama mbwa. Siri yote iko kwa miguu." Nikatazama miguu yako mpaka nikaijua. Ulikuwa na namna ya kugeuka kwenye kona, unazunguka mwili mzima kwa haraka kama mtu anayecheza ngoma ya doluka, mahali ambapo mtu mwingine angepinda tu akaendelea. Nilidhani ni madaha yako. Nilikimbia hatua chache nikakaa chini kwa kicheko, na tukaacha hapo.

Halafu ukafa.

Sitaandika habari za matanga, watu wa Jinja na Mbale wote walikuwepo. Nitaandika kuhusu Juma, mdogo wako. Baada ya hitima, watu wakiwa wanakunja mikeka, alikuja akachuchumaa mbele yangu kwa heshima zote. Akasema ghala lake la mahindi pale Nakaloke linaibiwa, wezi wanapitia darini. Akasema mwanamke mjane kukaa peke yake na mbwa wa kucheza haipendezi, na Shamim yuko mbali. Eda ikiisha, atakuja na gari kuwachukua wote wawili, Bosi abweke mlangoni na Kahawa afungwe mnyororo ndani. Alisema kwa upole, akidhani ananipunguzia mzigo. Mjane hajibizani na shemeji mikeka haijakunjwa. Lakini usinione nilinyamaza, moyo ulikuwa unapiga kelele. Nilikuwa nimekupoteza wewe, na sasa nilikuwa naona Kahawa, huyo anayetoka pangoni ameshageuza kichwa, akizunguka nguzo kwenye giza la magunia.

Eda ni kitu cha ajabu, Baba Shamim. Unakaa ndani ya ua wako, dunia inapita barabarani na wewe humo. Siku zinayeyuka. Mchana nilikuwa nasinzia na ukindu mapajani, nasikia cherehani yako inakata uzi, nafumbua macho, ni Mama Waiswa anasaga karanga. Kahawa alikuwa hali chakula vizuri. Kila alasiri alikwenda kukaa kwenye kiunzi cha kwanza akitazama mlango wa uani, na giza likianza alirudi kibandani bila kuambiwa. Nilivumilia, nikashindwa. Siku moja nikavaa lile koti lako. Lilinifika magotini na lilikuwa na harufu ya mbwa na mafuta ya cherehani, nikalia kidogo ndani yake, kisha nikasimama kando ya kiunzi. Nilikuwa nimeamua: nikiweza kukimbia naye, huyu ni wangu, na Juma ataona. Nisipoweza, nitasema nini?

Basi nikafanya ulivyoniambia. Miguu yako niliijua. Nilianza na mguu uleule, nikageuka kwenye kona mzunguko mzima, kiuno changu kikalia kama mlango mbovu. Nikamwonyesha kiunzi kwa mkono. Kahawa alikaa. Nikamwonyesha tena. Akatazama pembeni, kama mtoto aliyeitwa kwa jina la mwenzake. Kesho yake vilevile, na kesho yake. Mama Waiswa akanihurumia juu ya ua, akasema mbwa nayo inalia bwana yake, niiache. Nikaanza kukubali. Nikajiambia huyu alikuwa wa mtu mmoja, na mtu huyo amezikwa.

Hujui nilivyolipata jambo lenyewe, na najua utacheka. Kuku wa jirani waliingia kwenye mchele niliouanika. Mkono wa kulia nilikuwa nimeshika sinia, nikawafukuza kwa wa kushoto, nimeunyoosha hivi, kwa hasira. Kahawa akaruka kiunzi. Akaruka cha pili, akaingia pangoni, akatoka, akasimama anahema, ananitazama na macho yale. Sinia likanianguka, kuku wakapata sikukuu.

Nikakaa benchi nikakukumbuka, safari hii mikono, si miguu. Mkono wa kulia ni wa kulia chakula, wa kusalimiana, wa kushika msahafu. Hukutaka mkono huo ulambwe na mbwa hata siku moja. Kwa hiyo tangu Kahawa ni kitoto ulimlisha kwa kushoto, ulimwita kwa kushoto, ulimwonyesha njia kwa kushoto, na wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti. Ndiyo maana kwenye kona ulizunguka mwili mzima: mkono wa kushoto ulihitaji kubaki upande wa mbwa. Madaha yako yale yalikuwa udhu. Hukunieleza kwa sababu kwako halikuwa jambo la kueleza, mtu hasemi anakula kwa mkono gani. Na mimi, uliyeniambia nitazame miguu, nilimpungia mbwa wa Kiislamu mkono wa kulia wiki nzima, naye kwa adabu zake akaukataa.

Kutoka siku hiyo tulikuwa na alasiri zetu. Sijui nikueleze vipi. Nilikuwa mjane mwenye magoti mabovu, ndani ya ua, sina ruhusa ya kwenda popote, na nilikuwa nakimbia. Ukungu ukiwahi kushuka, kiunzi cha mwisho hakionekani, Kahawa anaingia ndani ya weupe na mimi namfuata, mkono wa kulia mfukoni. Kuna mara nilihisi kama tuko watatu. Wakati mwingine nilichelewa kuingia ndani kwa makusudi, nikitegemea nikigeuka nitakuona umekaa benchi na mimi ndiye niliyevaa koti. Shamim akipiga simu ananiuliza kama nalia sana. Namwambia naishiwa pumzi tu.

Eda ilipoisha nikampigia Juma. Nikamwambia asije Jinja. Nakwenda na mbwa Mbale Jumapili kwa yule daktari, aje pale uwanjani atazame kwanza, akishatazama aseme analotaka kusema. Akajibu atakuja, lakini kamba atakuwa nayo garini.

Tulikwenda na pikapu ya muuza mananasi, Bosi na Kahawa nyuma kati ya matenga matupu, nami nimekaa huko huko nyuma nao, mtu mzima, leso imefungwa kidevuni. Mashamba ya mpunga ya njia ya Tirinyi yalikuwa yamejaa maji na mbingu imo ndani yake. Kisha Wanale ikatokea, ile ya kweli, maporomoko yamening'inia juu yake meupe. Nikamwambia Kahawa tazama, ndiyo hiyo unayoipanda kila siku. Alikuwa anamlamba Bosi sikio.

Uwanjani palikuwa na watu wachache na mbwa wao, wa uani tu, hakuna wa fahari. Daktari alinishika mikono yote miwili, akasema pole, akasema koti analijua tangu siku ile ya sindano. Juma alikuwa amesimama nyuma ya uzio wa utepe na kanzu yake ya shughuli, mikono nyuma. Nikamsalimu.

Tukaanza. Sitajisifu, lakini ungeona. Kiunzi, kiunzi, pango. Kwenye fito alijipenyeza kama uzi kwenye kitambaa. Nikazunguka kona mzunguko wako, nikasikia mtu anapiga makofi. Kahawa akapanda ubao, alipofika juu kabisa, nikasikia unaita.

"Kahawa! Haya mama, haya!"

Sauti yako. Maneno yako yaleyale, na ule mkwaruzo wa mwishoni. Mimi niligeuka kabla ya mbwa. Wallahi niligeuka na uso wangu ukafunguka, nikakutafuta pale utepeni, na kwa muda huo, sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, hukuwa umekufa.

Ilikuwa ni Juma. Alijisahau. Alikuwa anatazama, furaha ikampanda, na sauti yenu ni moja, mlizaliwa nayo, ila akizungumza kwa upole wake huwa siisikii hivyo. Kahawa aliruka kutoka juu ya ubao, akakata uwanja mbio, akapita chini ya utepe. Nikamwona amemfikia. Nikajua basi, amekwisha kwenda, hata kamba haitahitajika.

Alinusa viatu vya Juma. Akanusa pindo la kanzu, na mikono, wa kulia na wa kushoto. Juma hakujongea. Kahawa akamtazama usoni kwa muda, mkia umeshuka. Kisha akageuka akarudi, bila kukimbia, akitembea katikati ya uwanja mpaka miguuni pangu, akakaa. Akatazama kiunzi kilichofuata, akanitazama mimi.

Tulimaliza vilivyobaki. Kwa sheria zao tulishatolewa, lakini hakuna aliyetuambia tusimame.

Juma alinikuta nimekaa kwenye nyasi, Bosi ameniegemea. Alichuchumaa kama siku ile ya hitima. Alikuwa amelia na hakujificha. Akasema ghala atatafuta kufuli kubwa na mlinzi wa kweli. Akang'oa majani kidogo, akayatupa. Halafu akasema, "Shemeji, mbwa ilijua mara moja mimi si yeye. Wewe ndiyo ulikawia."

Nimerudi Mafubira na maneno hayo na sijayatua bado. Ni kweli nilikawia. Siku ile hospitali uliniambia koo limekauka, nikatoka kidogo kukutafutia chai, nikarudi na kikombe nikakuta wamekufunika. Hatukuagana. Tangu hapo nimekuwa mtu aliyeambiwa subiri kidogo, nimesubiri kwenye eda, nimesubiri kwenye ukungu, nimevaa koti lako nikikusubiri hata nikiwa nakimbia na mbwa wako. Kahawa amefanya uwanjani, mbele ya watu, kitu ambacho mimi nilishindwa: amekutafuta mahali pa mwisho ulipoweza kuwa, hakukupata, akarudi kwa aliyepo.

Nilikupenda sana, na nakupenda. Mungu akuweke mahali safi, safi kama ulivyopenda wewe. Sasa naaga, kwa sauti, hapa nyuma ya nyumba, Mama Waiswa akisikia na asikie: kwaheri, Baba Shamim. Usinisimamie mlangoni huko. Nitachelewa kuja, kuna mbwa hapa anataka kukimbia.

Mkeo,
Mama Shamim